Kiswahili cha kambini: askari wa Keya walivyozoea Ceylon na Burma

Zhanqian maana yake ni "mbele ya stesheni". Ni barabara iliyo karibu na stesheni ya reli ya Guangzhou, imejaa maduka ya nguo za jumla, na huenda fulana uliyoinunua Kariakoo, Gikomba au Kikuubo ilipita hapa kabla hujaijua. Kazi ndiyo iliyonileta huku: nakagua ubora wa nguo kabla hazijafungwa. Kutwa ni mabunda, mikokoteni, na watu wanaopatana bei kwa kikokotoo, huyu anabonyeza, yule anafuta na kubonyeza yake. Kiswahili nakisikia hapa kuliko nilivyokuwa nakisikia Leicester nilikokulia. Na juu ya mabunda, kwa kalamu nene, mara nyingi utaona neno moja: KARIAKOO.

Wengi wetu tunalijua hilo kama neno la biashara. Ni neno la jeshi. Linatokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa Waingereza katika Vita vya Kwanza, waliobeba mizigo ya jeshi kichwani kote Afrika Mashariki na wakafa kwa makumi ya maelfu, wengi kwa maradhi na njaa. Walipopiga kambi Dar es Salaam jina lao likabaki pale. Nairobi wana Kariokor, neno lile lile. Na hapo hapo Nairobi kuna Burma Market, ambayo wapenda nyama choma hawahitaji kuelekezwa. Mwenzangu kwenye podikasti aliniuliza tulipokuwa tunarekodi kipindi cha majina ya mitaa: sawa, Kariokor nimeelewa, lakini Burma ilifikaje Nairobi? Jibu halikutosha kwenye dakika mbili tulizobaki nazo. Ndiyo maana nimekaa kuandika.

Jibu fupi ni kwamba ilirudi na askari wa Keya. Keya ni KAR, yaani King's African Rifles, jeshi la mkoloni Mwingereza lililoundwa mwaka 1902 kwa kuunganisha vikosi vya Nyasaland, Kenya na Uganda, na baadaye Tanganyika. Kwetu Machakos kulikuwa na mzee, ndugu yake babu yangu, ambaye kijiji kizima kilimwita Keya hadi anazikwa. Watoto walidhani ndilo jina alilobatizwa.

Jibu refu linaanzia, amini usiamini, hapa hapa nilipo. Tarehe 21 Oktoba 1938 Wajapani waliiteka Guangzhou. Mpaka siku hiyo silaha nyingi za serikali ya China zilikuwa zinaingilia Hong Kong na kupandishwa kwa reli kupitia mji huu. Mlango wa mbele ukafungwa. China ikalazimika kutumia mlango wa nyuma: barabara ya milimani kutoka Lashio, Burma, hadi Kunming, zaidi ya kilomita 1,100, iliyochimbwa na wanakijiji, wanawake na watoto wakiwemo, wengi kwa majembe na vikapu. Mwaka 1942 Wajapani wakaiteka Burma na kuukata mlango huo nao. Tangu hapo Burma ikawa na wenyewe wengi. Wamarekani waliitaka kwa sababu ya njia ya China, Waingereza waliitaka kwa sababu lilikuwa koloni lao, na Waburma waliitaka kwa sababu ni kwao. Mtu wa Kitui au Gulu hakuwa na dai lolote pale. Akapelekwa.

Singapore ilianguka Februari 1942, na mwanzoni mwa mwaka huo huo brigedi ya 21 ya Afrika Mashariki ikapelekwa Ceylon, ambayo leo tunaiita Sri Lanka. Hofu ilikuwa kwamba kisiwa hicho ndicho kitakachofuata. Na kweli, tarehe 5 Aprili, Jumapili ya Pasaka, ndege za Kijapani ziliupiga Colombo, na siku nne baadaye Trincomalee. Mwaka 1943 wakaja wengine wengi, ikaundwa divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, na nembo yao begani ilikuwa kichwa cha kifaru.

Sasa jaribu kumfikiria huyo askari anashuka melini. Si mtu wa pwani, kwa kawaida. Waingereza walikuwa na imani yao ya ajabu kwamba kuna makabila "ya kivita", kwa hiyo waliajiri zaidi Wakamba, Wakalenjin, Waacholi, Wahehe na wenzao, watu wa bara. Wengi wao bahari waliiona kwa mara ya kwanza Mombasa, siku ya kuipanda. Wanafika kisiwani wanakuta minazi, mchele, samaki, joto la kunata, na Waislamu, Wahindu na Wabudha wanaishi mtaa mmoja. Mswahili wa Lamu angejisikia nusu nyumbani. Mtu wa Kitui alijisikia mbali mara mbili.

Na safari yenyewe haikuwa ya kupoteza mawazo. Mwanzoni mwa Februari 1944 msafara wa meli uliondoka Mombasa kwenda Colombo. Mojawapo, Khedive Ismail, ilibeba zaidi ya watu 1,500: wauguzi, mabaharia, na kundi kubwa la askari wa mizinga wa Afrika Mashariki, regimenti ya 301. Tarehe 12, karibu na visiwa vya Maldives, nyambizi ya Kijapani iliipiga. Ilizama ndani ya dakika mbili hivi. Walikufa karibu 1,300. Nyambizi ilijificha chini ya pale walipokuwa wanaelea walionusurika, na meli za kivita za Waingereza zikadondosha mabomu ya kuilenga hapo hapo, juu ya watu wao. Ni mojawapo ya maafa makubwa kabisa ya meli kwa upande wa Uingereza katika vita vile, na wengi waliokufa walitoka kwetu, lakini shuleni Leicester, pamoja na mihula yote ya Vita vya Pili, sikuwahi kuisikia hata mara moja.

Waliofika walianza kuizoea kambi. Hema, sare, buti (wengi waliokuwa jeshini kabla ya vita walitembea peku au kwa viatu vya ngozi ya wazi), paredi, na posho. Hapa nisimame kidogo kwenye posho, kwa sababu neno hili linanifurahisha. Zamani lilikuwa chakula cha kupimiwa, cha mpagazi au askari: kibaba chako cha unga, maharage, chumvi. Uganda likabaki jikoni, na leo posho ni ugali. Tanzania likahamia ofisini, na leo posho ni hela ya kikao. Neno moja kutoka kwenye gunia moja. Mganda na Mtanzania wakigombana mtandaoni nani anakosea, wote wawili wanamnukuu askari.

Lakini kitu kikubwa alichokikuta kambini kilikuwa lugha, na hiki ndicho nilichotaka kuwaambia hasa nyinyi mnaotuandikia kila wiki kwamba mnaona aibu kuongea Kiswahili mbele ya wajomba zenu.

Chukua brigedi ya 25. Ndani yake mlikuwa na batalioni ya Kenya, ya Tanganyika na ya Uganda. Ndani ya kila batalioni kuna lugha kumi, ishirini. Kikamba hakimsaidii Mwacholi, Kikuria hakimsaidii Mhehe. Kiswahili ndicho kilichokuwa lugha ya amri katika vikosi hivyo, na askari wengi walikianza siku waliyovaa sare, kwenye uwanja wa kwata, kutoka kwa sajenti ambaye naye alijifunzia hapo hapo miaka kumi kabla. Maofisa Wazungu nao walitakiwa wakijue, na wakakijua kwa namna yao. Kilichozaliwa pale wataalamu wamekiita Ki-KAR: Kiswahili kilichopunguzwa uzito ili kibebeke. Ngeli zinasongamana, kila kitu kinakuwa "yangu" na "ile": viatu yangu, mtu ile, maneno mingi. Vitenzi vinasimama wima bila viambishi vyao. Mtu wa Unguja angeshika kichwa.

Kilifanya kazi lakini. Kwa Kiswahili hicho mtu alielekezwa kufungua bunduki na kuifunga gizani. Kwa hicho alimwambia mwenzake wapi panamuuma. Jeshi lilikuwa na kikosi chake cha elimu, walimu Waafrika waliowafundisha askari kusoma na kuandika, na magazeti ya Kiswahili yalichapishwa kwa ajili yao. Asiyejua kuandika alimtafuta anayejua, akakaa naye chini ya hema, akasema, yule akaandika. Barua zilipita kwa wakaguzi wa jeshi kabla ya kwenda popote, kwa hiyo tunajua walikuwa wanaandika nini, maana wakaguzi waliandika ripoti. Walikuwa wanauliza habari za ng'ombe na mahari. Walikuwa na wasiwasi na wake zao. Walitaka kujua hela waliyotuma imefika au imeliwa njiani. Soma hizo halafu soma simu yako mwenyewe, ujumbe wa jana kutoka kwa ndugu aliye Qatar au Minnesota.

Neno "afande" nalo ni la njia hiyo hiyo. Ni efendi ya Kituruki, iliyoingia katika jeshi la Misri, ikashuka na askari wa Kisudani waliochukuliwa na Waingereza Uganda, ikaingia Keya, na leo unaisema ukisimamishwa na trafiki Thika Road. Kiswahili "safi" chenyewe, ukikipekua mifukoni, kimejaa vitu vya namna hii.

Mnaujua ule utani, kwamba Kiswahili kilizaliwa Zanzibar, kikakua Tanganyika, kikaugua Kenya, kikafia Uganda na kikazikwa Kongo. Mimi naona askari wa Keya ndiye anayechekwa pale, ila hatajwi jina. Na utani una uchungu wake. Wasikilizaji wetu wenye wazazi Waganda wanajua ninachosema: nyumbani mwao Kiswahili kilikatazwa kwa sababu ni "lugha ya askari", lugha ya mtu anayegonga mlango usiku. Idi Amin, ambaye alikuwa akijisifu kwamba alipigana Burma ingawa aliingia Keya mwaka 1946 vita vikiwa vimekwisha, ndiye aliyekitangaza kuwa lugha ya taifa. Mtu akikwambia mama yake alikataa kumfundisha, usimwone mama huyo mpumbavu. Alikuwa na kumbukumbu.

Turudi kwa kifaru wetu. Katikati ya 1944 divisheni ilitolewa Ceylon na kupelekwa mpakani mwa India na Burma, ikachukua nafasi ya wenzao Wahindi karibu na Tamu, na kuambiwa ishuke bonde la Kabaw. Kwa desturi vita vya huko vilisimama wakati wa mvua kubwa. Jenerali Slim aliamua havitasimama mwaka ule. Wakaenda, basi, kuanzia Agosti, kwenye mvua, njia ikiwa uji mtupu, magari yakizama, ruba wakiingia hadi kwenye matundu ya kamba za viatu. Kila siku kidonge cha mepacrine cha kuzuia malaria, kidonge kinachoigeuza ngozi rangi ya manjano. Chakula na risasi zilishuka kwa miavuli kutoka kwenye ndege, na hali ya hewa ikichafuka hazikushuka. Na walikuwapo tena wapagazi kutoka nyumbani, vichwa na mabega, karibu miaka thelathini baada ya Carrier Corps. Mwanzoni mwa Desemba wakafika Kalewa na kuuvuka mto Chindwin. Wahandisi wakajenga hapo daraja la vyuma la zaidi ya mita 350, ambalo wakati huo halikuwa na mwenzake wa aina yake kwa urefu duniani, na vikosi vingi vikapita juu yake kuelekea Mandalay. Askari wetu walirudishwa India kupumzika. Picha za Mandalay hawamo.

Kuhusu vita vyenyewe nitaishia hapo, kuna vitabu. Kinachonishughulisha ni kile mtu alichojifunza kwa kukaa tu kwenye kituo kile.

Waruhiu Itote alizaliwa Nyeri mwaka 1922, akajiunga na Keya mwaka 1942, akapita Ceylon na Burma. Baadaye aliandika kumbukumbu zake, zilizotoka mwaka 1967. Anakumbuka kwamba kule mstari wa mbele majivuno ya Wazungu yalipotea: chai moja, maji yale yale, choo kile kile. Anakumbuka mwanajeshi Mwingereza aliyemwambia kwamba yeye akifa pale anaifia nchi yake, je, Itote akifa nchi yake itapata nini? Na anakumbuka mwanajeshi Mweusi wa Marekani, Calcutta, aliyemsimulia habari za Haiti na watumwa walioishinda Ufaransa. Nyumbani aliambiwa kwamba ngazi ile ya nani yuko juu na nani yuko chini ni ya Mungu. Ilibidi avuke bahari kuona kwamba kuna mahali haipo, hata kama mahali penyewe ni shimo lenye matope na risasi.

Tusipake asali, lakini. Ngazi ilikuwapo kambini pia. Jeshi la Uingereza lilifuta viboko kwa askari wake mwaka 1881. Askari Mwafrika aliendelea kuvionja hadi Vita vya Pili. Na vita vilipokwisha, kiinua mgongo kilipigwa hesabu kwa rangi: askari Mzungu wa cheo cha chini kabisa aliyeishi katika makoloni haya alihesabiwa shilingi 10 kwa kila mwezi aliotumikia, Mwafrika wa cheo hicho hicho shilingi 3 na senti 50. Hati hiyo iliibuliwa na waandishi wa habari mwaka 2019, wakati waliokuwa bado hai walikuwa na miaka tisini na kitu. Nimekaa na hizo namba mbili kwa muda mrefu. Kazi yangu ni namba, najua kosa la hesabu likoje, na lile si kosa la hesabu. Kuna mtu alikaa mezani akachora safu mbili.

Halafu wakasubiri. Meli zilikuwa chache na Waafrika hawakuwa wa kwanza kwenye foleni, kwa hiyo wengi walikaa India miezi na miezi baada ya amani, wakifanya paredi ya kuua muda. Walipofika Kenya walikuta Mzungu aliyetoka vitani anapewa mkopo na shamba, na wao wanasubiriwa na kipande, kile kitambulisho cha kufungia kwenye kibati na kuning'iniza shingoni kama njuga ya mbuzi. Itote alipata kazi ya kuchochea moto kwenye garimoshi. Miaka michache baadaye aliingia msituni Mlima Kenya na kuwa mmoja wa makamanda wakubwa wa Mau Mau. Jina lake la vita lilikuwa Jenerali China. Alikamatwa Januari 1954, akahukumiwa kunyongwa, akasamehewa kifo, akafungwa Lokitaung pamoja na Kenyatta. Baada ya uhuru alikuwa kiongozi katika National Youth Service.

Mzee Keya wa kwetu hakuingia msituni. Alifungua kibanda cha kushona viatu, na alijulikana kwa mambo mawili: hakuwahi kula wali tena maishani mwake, na Kiswahili chake kilikuwa kile kile cha kambini. "Watoto yote kuja hapa." Tukija likizo kutoka Uingereza, sisi wenye Kiswahili cha kuungaunga, ndiye mzee pekee ambaye hakutucheka, na tulimwelewa kila neno.

Nairobi, kwenye Kenyatta Avenue, kuna sanamu ya askari watatu wa shaba iliyosimamishwa mwaka 1928 kwa ajili ya Vita vya Kwanza. Maandishi yake ni ya Kiingereza, Kiarabu na Kiswahili. Walioanguka Burma na hawakupatikana kaburi wameandikwa mbali zaidi, Taukkyan, kaskazini ya Yangon, kwenye nguzo za mawe zenye majina karibu 27,000. Utayakuta humo majina ya King's African Rifles, mtu wa Kenya, wa Uganda, wa Tanganyika, wa Nyasaland, kila mmoja na namba yake. Katikati ya nguzo hizo kuna maneno yanayosema walikufa kwa ajili ya watu wote walio huru. Yameandikwa kwa lugha tano: Kiingereza, Kiburma, Kihindi, Kiurdu na Kipunjabi.